Siku Nne za Wawili Mjini Lisbon: Mwongozo wa Safari Fupi

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, una jambo ambalo miji mingine mikuu ya Ulaya haina kwa msomaji wa Kiswahili: sehemu ya historia yetu imehifadhiwa kule, na sehemu ya lugha yao imehifadhiwa midomoni mwetu. Meza tunayokulia, leso wanazojifunga mama zetu, bendera inayopandishwa asubuhi shuleni na karata wanazocheza wazee barazani ni maneno yaliyoshuka pwani pamoja na mabaharia wa Kireno karne nyingi zilizopita.

Mimi na mume wangu, mzaliwa wa Kilwa Masoko, tulikaa huko siku nne mwishoni mwa Mei 2025. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mke na mume wanaotaka safari ya muda kama huo bila kujichosha na bila kumaliza akiba. Nimeupanga kwa hatua, tangu siku ya kukaa na kalenda hadi siku ya kufunga mizigo ya kurudi, na katika hatua zote ninasimamia kanuni moja: kila siku upande mmoja wa mji, na kila siku jambo moja kubwa ambalo nyote wawili mmekubaliana kwamba halitakosekana. Mengine yakipatikana ni nyongeza.

Hatua ya kwanza: kalenda

Chagueni tarehe kabla ya kuchagua hoteli. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, ambapo joto ni la wastani na misururu haijawa mirefu kupita kiasi. Julai na Agosti jua ni kali na mji umefurika, na kati ya Novemba na Februari mvua hunyesha mara kwa mara. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni mijakaranda huchanua katika viwanja na barabara za mji, zambarau ileile ya Nairobi, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuchagua kipindi hicho. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ambapo vichochoro vya mitaa ya zamani hujaa moshi wa sadini wa kuchoma na watu hukesha wakicheza. Mkipenda shamrashamra, nendeni wakati huo, lakini wekeni nafasi ya malazi mapema.

Siku zenu nne ziwe Alhamisi hadi Jumapili. Majumba mengi ya makumbusho na Monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, na nimekutana na watu waliopoteza siku nzima kwa kutojua hilo. Kumbukeni pia kwamba majira ya joto saa za Lisbon ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na majira ya baridi kwa saa tatu. Mwishoni mwa Mei jua huzama karibu saa tatu usiku, jambo ambalo kwa mtu wa ukanda wetu, aliyezoea giza la saa moja, huongeza kama saa mbili za matembezi, na kwa wanaoswali hubadilisha kabisa hesabu ya Magharibi na Isha.

Hatua ya pili: viza

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya muda mfupi, ambayo huruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yenu itatua kwanza nchi nyingine. Dirisha hufunguliwa miezi sita kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na ndiyo maana nashauri faili ziwasilishwe miezi mitatu kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Kila mmoja hujaza fomu yake, hulipa ada yake na hutoa alama za vidole vyake, kwa kuwa mbele ya ubalozi ndoa haiunganishi faili. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uendelee angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Ongezeni bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 inayotambulika katika nchi zote za Schengen, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, na barua ya mwajiri inayotaja likizo na tarehe ya kurudi kazini. Mwenye biashara yake aweke leseni na nyaraka za kodi.

Kama mmoja ndiye anayegharimia safari, ambatanisheni nakala ya cheti cha ndoa katika faili zote mbili pamoja na barua fupi ya maelezo. Wanawake wengi wa kwetu hubaki na majina ya baba zao, na afisa anayesoma faili mbili zenye majina tofauti ya ukoo hana njia nyingine ya kujua kwamba fedha za mmoja ni matumizi ya wote wawili. Msilipe tiketi isiyorudishika kabla ya viza kutoka.

Hatua ya tatu: ndege

Kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi mtabadilisha ndege njiani, pengine Istanbul, Dubai au Amsterdam. Tofauti kati ya njia hizi ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Mkipitia Istanbul au Dubai, ukaguzi wa pasipoti wa kuingia Schengen hufanyika Lisbon kwenyewe, mkiwa mmeshafika. Mkipitia Amsterdam au Paris, ukaguzi huo hufanyika huko, katikati ya safari, huku ndege ya pili ikiwasubiri.

Sisi tulikata tiketi ya aina hiyo ya pili yenye saa moja na robo tu ya kuunganisha, kwa sababu ilikuwa na nafuu. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, tukakosa ndege, na tukafika Lisbon usiku badala ya mchana. Nusu ya siku ya kwanza ikapotea. Hesabuni saa tatu za kuunganisha, hata kama nauli itapanda kidogo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza pia kuingiza mfumo mpya wa kusajili alama za vidole na picha ya uso wa msafiri, na usajili huo nao unataka muda wake.

Hatua ya nne: malazi

Lisbon imejengwa juu ya vilima, na hilo ndilo la kwanza kulifikiria mnapotazama picha za vyumba. Mtaa wa Alfama unavutia sana, lakini njia zake nyingi ni ngazi, na kuburuta sanduku kwenye ngazi za mawe usiku, mkiwa mmechoka na simu inatafuta njia, ni mwanzo mbaya wa safari ya wawili. Kaeni Baixa, bonde tambarare la katikati, au ukingoni mwa Chiado, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ulizeni kama jengo lina lifti, kwa sababu majengo mengi ya zamani hayana. Mji hutoza kodi ya wageni ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo aghalabu hulipwa mkifika, kwa hiyo wekeni akilini euro 8 za kila usiku juu ya bei mliyoiona.

Katika mizigo, viatu ndivyo vya kwanza. Njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kuwa mawimbi na maua. Karne za nyayo zimevilainisha hata vikimwagikiwa maji vinateleza kama sabuni. Chukueni viatu vya soli ya mpira yenye makucha. Beba pia adapta ya pini mbili za duara, kwa sababu plagi zetu za pini tatu haziingii katika soketi zao, na sweta moja kila mtu, maana upepo wa mto jioni ni wa baridi hata Mei.

Hatua ya tano: kuingia mjini

Uwanja wa ndege uko karibu na mji, na treni ya chini ya ardhi huanzia hapohapo. Pandeni mstari mwekundu, badilisheni Alameda kuingia mstari wa kijani, mshuke Rossio au Baixa-Chiado. Kwenye mashine ya tiketi nunueni kadi ya Navegante kwa senti 50 za euro. Kila mtu lazima awe na kadi yake. Kadi moja haiwezi kufungua geti kwa watu wawili. Tiketi ya saa 24 hugharimu takriban euro 7 na inahusu treni ya chini ya ardhi, mabasi na tramu, yaani vigari vya reli vinavyopita barabarani. Siku ambayo mtatembea kwa miguu zaidi, wekeni fedha kidogo kwenye kadi mlipie kila safari peke yake.

Gawaneni fedha kabla ya kutoka uwanjani: kadi za benki ziwe katika mikoba miwili tofauti, kila mmoja awe na euro taslimu za kumtosha kurudi hotelini, na picha za pasipoti ziwe katika simu zote mbili. Mashine za fedha zenye maandishi ya Multibanco ndizo za kutumia, na mashine ikiwauliza kama ikate kwa euro au kwa sarafu ya kwenu, chagueni euro.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Baixa na Alfama

Anzeni Praça do Comércio, uwanja mpana uliofunguka kuelekea mto Tagus, ambao wenyeji bado huuita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri. Kasri lenyewe halipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji. Watu wengi walikimbilia ukingo wa mto ili wawe mbali na kuta zinazoanguka, na hapo wakakutwa na mawimbi yaliyopanda kutoka baharini, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mitaa iliyonyooka ya Baixa mnayoiona leo ilipangwa upya baada ya hapo chini ya waziri ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, na ndani ya kuta zake kuna fremu za mbao zilizosukwa kama kizimba ili jengo liweze kuyumba bila kuporomoka.

Fuateni Rua Augusta hadi Rossio, kisha pandeni Chiado mpaka magofu ya kanisa la Carmo. Hili ndilo jambo kubwa la siku ya kwanza. Paa la kanisa hilo lilianguka mwaka 1755 na halikurudishwa; nguzo na matao yamebaki yakiwa wazi juu kama mbavu, na chini yake pameota majani. Tulikaa kwenye ngazi za mawe karibu nusu saa bila kusema neno, njiwa wakipita juu mahali palipopaswa kuwa na dari. Hakuna kitabu kinachoeleza tetemeko lile vizuri kuliko kipande kile cha anga.

Baada ya chakula cha mchana pumzikeni chumbani. Wasafiri wengi hudharau ushauri huu, lakini kwa kuwa jua huchelewa kuzama hakuna mtakachopoteza. Alasiri pandeni Alfama, jina ambalo asili yake ni neno la Kiarabu la chemchemi ya maji moto. Mtu mwenye magoti dhaifu asipande kwa miguu: kuna lifti ya umma isiyo na malipo ndani ya jengo moja la Rua dos Fanqueiros, na nyingine mbele kidogo, ambazo zinawafikisha karibu na ngome. Ngome ya São Jorge ilikuwa ya Waislamu hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipoiteka kwa msaada wa wapiganaji wa msalaba. Mkitaka kuokoa kiingilio, kaeni kwenye kibaraza cha Santa Luzia au Portas do Sol, ambapo mandhari ya mapaa mekundu na mto hayana malipo.

Kuhusu tramu ya njano namba 28E, ambayo kila mgeni anataka kuipanda: ipandeni kabla ya saa tatu asubuhi, au anzieni upande wa Campo de Ourique badala ya Martim Moniz. Mchana hujaa hata mtu hawezi kugeuka, na wezi wa mifukoni hupenda msongamano huo. Mkoba uwe kifuani. Vipando vinavyopanda vilima kwa kamba viulizieni kwanza kama viko kazini. Miezi michache baada ya sisi kurudi, tarehe 3 Septemba 2025, kipando cha Glória kiliacha reli na watu 16 wakafariki, na vingine vilisimamishwa ili vikaguliwe. Tulikuwa tumekipanda hichohicho, na nilipoisikia habari ile nilikaa kimya siku nzima.

Siku ya pili, Ijumaa: Mouraria, msikiti na kivuko

Mouraria ni mtaa waliotengewa Waislamu waliobaki baada ya mji kutekwa mwaka 1147, na hadi leo ni mtaa wa wageni: Wabangladeshi, Wahindi, Wachina na Waafrika. Karibu na Martim Moniz mtapata maduka ya nyama halali na mikahawa ya pilau na mchuzi. Ulizeni chamuça. Ni sambusa, kwa jina lililopitia Goa na Msumbiji, ya pembe tatu na moto vilevile, na huuzwa hata katika mikahawa ya kawaida. Kabla ya kununua, tambueni maneno matatu: frango ni kuku, legumes ni mboga, na carne ni nyama ambayo lazima muulize ni ya nini. Porco ni nguruwe, chouriço kwa kawaida ni soseji ya nguruwe, na banha ni mafuta ya nguruwe, ambayo huweza kuwamo hata katika vitafunio vya unga. Kuku wa kuchoma wa piripiri hana haja ya mkalimani, maana hiyo ni pilipili yetu iliyokwenda kwao ikarudi na jina lililopinda kidogo.

Mkiketi mkahawani, mhudumu ataweka mkate, zeituni na jibini mezani bila kuulizwa. Si takrima. Kila kitakacholiwa kitaandikwa kwenye bili, na kisichotakiwa hurudishwa kwa adabu tu. Mume atasema “não, obrigado” na mke atasema “não, obrigada”, kwa kuwa kwao shukrani hufuata jinsia ya anayeshukuru. Chakula cha mchana kiitwacho prato do dia, yaani sahani ya siku, ndicho chenye nafuu kuliko vyote.

Pitieni kanisa la São Domingos, karibu na Rossio. Liliungua mwaka 1959, na walipolirekebisha waliziacha nguzo zake zikiwa zimepasuka na kuta zikiwa na rangi ya jivu na wekundu wa moto. Nje, uwanjani, Waafrika hukutana, hasa watu wa Guinea-Bissau, wengine wakiuza bidhaa za kwao, wengine wakiongea tu. Karne nyingi zilizopita Waafrika wa Lisbon, wengi wao watumwa, walikuwa na udugu wao wa kidini katika kanisa hilo. Uwanjani pia kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini humo mwaka 1506. Mwaka huo ushikeni, utarudi kesho.

Anayeswali Ijumaa aende Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985 karibu na kituo cha Praça de Espanha kwenye mstari wa buluu. Waislamu wengi wa Ureno wana asili ya Msumbiji na Guinea-Bissau, na mume wangu alitoka huko akiwa ameshaalikwa chai na mzee aliyezaliwa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambaye alikumbuka maneno ya Kiswahili ya utotoni.

Jioni nendeni Cais do Sodré mpande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto. Nauli ni ndogo, kadi ileile ya Navegante hukubaliwa mkishaiwekea fedha, na safari ni kama dakika kumi. Mtu wa Dar es Salaam atajiona yuko Kigamboni: wafanyakazi wanaorudi nyumbani na mifuko ya sokoni, mlio wa injini, harufu ya chumvi. Kaeni upande wa kulia wakati wa kwenda, mlione daraja jekundu la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974. Tulitumia fedha nyingi zaidi kwa mambo mengine ya safari ile, lakini tukiulizwa saa nzuri kuliko zote, sote wawili tunataja ile ya ukutani Cacilhas, tukitazama Lisbon ikigeuka rangi ya dhahabu.

Usiku huo wekeni nafasi kwenye nyumba ya fado, muziki wa huzuni na hamu ya walio mbali, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2011. Taa zikipunguzwa, kila mtu hunyamaza. Kuongea au hata kugonganisha vyombo wakati mwimbaji anaimba ni utovu wa adabu. Ulizeni mapema kiwango cha chini cha matumizi, kwa kuwa baadhi ya nyumba hulazimisha mlo kamili.

Siku ya tatu, Jumamosi: Belém na dhahabu ya Kilwa

Hii ndiyo siku iliyotupeleka Lisbon. Asubuhi mapema pandeni tramu 15E kuelekea mtaa wa Belém. Mkishuka, muende kwanza Monasteri ya Jerónimos, iliyoanzwa kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na mfalme Manuel wa Kwanza kwa utajiri wa biashara ya bahari ya Hindi. Kanisa lake ni la bure; ua wa ndani wenye matao ya mawe yaliyochongwa kamba na matumbawe ulikuwa na kiingilio cha euro 18 tulipokwenda. Kateni tiketi hiyo kwa mtandao. Kama fedha ni chache, kanisa peke yake linatosha.

Ndani ya kanisa, karibu na mlango, kuna makaburi mawili yanayotazamana: la mshairi Luís de Camões na la Vasco da Gama. Huyu aliondoka Belém Julai 1497, akafika Mombasa na kisha Malindi Aprili 1498, na ni rubani aliyepewa Malindi aliyemvusha hadi India. Mwaka 1502 alirudi akiwa na manowari, akatia nanga Kilwa, akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahimu, kukubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 kundi jingine la Wareno, chini ya Francisco de Almeida, liliteka na kupora Kilwa na Mombasa. Sanamu iliyolala juu ya kaburi imekunja mikono kama mtu anayesali. Simameni hapo kadiri mnavyohitaji.

Nje, vukeni kuelekea mtoni hadi mnara wa Padrão dos Descobrimentos, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960. Chini yake kuna ramani ya dunia iliyotandazwa kwa marumaru ambayo mnaweza kutembea juu yake hadi pwani yetu. Mnara wa Belém ulikuwa umefungwa kwa ukarabati wakati wetu, kwa hiyo angalieni kabla hamjaenda. Kisha kuleni vile vikeki vya maziwa na mayai vinavyookwa Belém tangu mwaka 1837, vya moto, vikinyunyiziwa mdalasini. Ninawaomba mwende dirisha la kununua na kuondoka ikiwa foleni ya ndani inawatisha, mkae bustanini.

Alasiri rudini kwa tramu ileile, mshuke njiani kwa ajili ya Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, lililoko Rua das Janelas Verdes. Siku chache kabla, thibitisheni kwenye tovuti yao kwamba sehemu ya vito vya dhahabu iko wazi. Ulizeni Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha dhahabu na rangi za vioo, kinachokaribia robo tatu ya mita kwa kimo, kikiwa na mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Kinahusishwa na mkono wa sonara Gil Vicente, na mfalme Manuel alikiacha kwa wosia kiwe cha monasteri ileile mliyotoka asubuhi.

Sasa zungukeni taratibu, macho yakiwa kwenye ukingo wa chini. Herufi zimepangwa kulizunguka tako la chombo, na haziwezi kusomwa mkiwa mmesimama mahali pamoja. Mume wangu aliinama, akafuata herufi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye neno QILVA. Ni Kilwa. Maandishi yanasema kwamba mfalme aliamuru chombo kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Kwa miaka yote aliyocheza karibu na ngome ya Kilwa Kisiwani iitwayo Gereza, hakuna aliyemwambia kwamba dhahabu ya mji ule bado ipo, ina jina lake, na mtu anaweza kukata tiketi akaiona. Alibaki pale hadi mlinzi alipotangaza kwamba muda umekwisha.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea mtoni alinionyesha kibao cha kanisa: igreja. Ndilo neno ambalo wataalamu wengi wa lugha husema limezaa gereza.

Kwa sababu hiyo siwashauri kupachika jambo jingine kubwa baada ya hapo. Kuleni mapema, mtembee kando ya mto, mzungumze.

Siku ya nne, Jumapili: Sintra au mapumziko

Sintra ni mji wa milimani wenye makasri, mwendo wa dakika 40 hivi kwa treni kutoka stesheni ya Rossio. Kasri la Pena lina tiketi za saa maalumu, na kutoka geti la bustani hadi mlangoni ni mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu, kwa hiyo anayefika getini saa iliyoandikwa kwenye tiketi amekwisha kuchelewa. Msijaribu makasri manne kwa siku moja. Sisi tulichagua Quinta da Regaleira peke yake, ambayo hufikika kwa miguu kutoka stesheni. Ina kisima kikavu cha kina cha mita 27 chenye ngazi za mzunguko, na mkifika chini mnatokea kwenye mapango yanayowarudisha bustanini. Kama mmoja wenu amechoka, acheni Sintra bila majuto, mrudi mahali ambapo mlipapenda zaidi.

Hatua ya mwisho: kurudi

Usiku wa mwisho angalieni ni jengo lipi la uwanja wa ndege mtakaloondokea, kwa kuwa jengo la pili liko mbali na kituo cha treni na hufikiwa kwa basi la bure linaloanzia jengo la kwanza. Fikeni saa tatu kabla. Mkipitia Istanbul au Dubai, foleni ya pasipoti ya kutoka Schengen iko hapo Lisbon. Zawadi nyepesi na isiyoharibika ni sadini za kopo, zenye makopo yaliyopakwa rangi nzuri, na kigae kimoja cha udongo cha rangi ya buluu. Kigae kifungeni ndani ya nguo katikati ya sanduku. Chetu kimewekwa ukutani Kilwa Masoko, nyumbani kwa mama mkwe, juu ya meza.